Mdundo Uliotaifishwa

Ngoie wa Mama Mwadi alitaka kuwa mwanamuziki, na jambo hilo lingekuwa jepesi kama angekuwa na sauti. Hakuwa nayo. Kwaya ya misheni ilimpokea, ikamsikiliza, kisha ikamwomba kwa upole awe anabeba vitabu vya nyimbo. Gitaa nalo alilishika mara moja tu, la mtu mwingine, na mwenyewe akaja kulichukua kabla Ngoie hajajua waya upi unalia vipi. Zilibaki ngoma, lakini ngoma za mji wetu wa Kamina zote zilikuwa na wenyewe: nyingine za kanisa, nyingine za wazee wa Kiluba ambao hawakumwazima mtu hata kifimbo, na nyingine za wanajeshi kule Base, kambini kwao, na hizo huzisogelei bila sababu. Basi Ngoie akaamua kutengeneza midundo yake mwenyewe bila ngoma. Watu wakacheka. Ndivyo walivyo watu wa Kamina, wanacheka kwanza, halafu ndipo wanauliza ulikuwa unasema nini.

Kumcheka Ngoie walishazoea. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu homa ya utotoni. Fundi wa viatu wa kartiye, mtaa wetu, alimwekea kiatu cha kushoto soli nene ya mbao, na chini ya mbao akagongomea bamba la chuma lililookotwa karibu na reli, ili mbao isiliwe upesi. Kwa hiyo Ngoie alipopita kwenye lami ya avenyi, barabara yetu kubwa, mguu wa kulia ulisema ta, wa kushoto ukajiburuta shuu, ukanyanyuka kidogo, kisha chuma kikatua paa. Ta, shuu-paa. Watoto walimfuata nyuma wakimwigiza, na hao tungewasamehe kwa kuwa ni watoto. Lakini wazazi wao nao walitoka mlangoni kutazama, wengine wakajifunika mdomo kwa kitenge wakidhani haoni. Aliona. Alijifanya hajali, akapita zake, na ilimuuma kila siku.

Mashini ya kusaga iliyokuwa karibu na gare, kituo cha treni, ilikuwa ya Mgiriki mmoja mzee, Papa Stavro, ambaye masikio yake yalizibwa zamani na injini yake mwenyewe. Wanawake walileta mahindi na mihogo mikavu, wakajipanga mstari na mabeseni vichwani, wakangoja. Mama Mwadi aliwauzia munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachotuliza kiu na kuamsha maneno, na Ngoie alikaa kando ya ndoo yake akisikiliza injini. Injini ilikuwa na pigo moja tu, tu, tu, tu, asubuhi hadi jioni, bila haya. Ngoie akaona aibu kwa niaba yake.

Siku moja akafunga kijiko cha supu kwa uzi, akakining'iniza karibu na bomba la moshi. Bomba lilipotetemeka, kijiko kikagonga. Hapo mtu mwenye akili zake angeridhika, lakini Ngoie hakuwa mtu wa kuridhika. Juu ya chekecheo akaweka mkebe wa sardini wenye punje za mahindi ndani, nao ukawa unakwaruza. Chini ya mguu wa injini akasukuma ubao mlegevu, nao ukaitikia kwa sauti nzito. Kisha ikaanza kazi yenyewe, na kazi yenyewe ilikuwa kusogeza. Alisogeza kijiko upana wa kidole, akavuka avenyi, akasikiliza kutoka ng'ambo, akarudi, akasogeza tena. Wanawake walimpigia kelele aondoke wasagiwe unga wao. Kijiko kilianguka mara moja ndani ya mahindi, na mke wa mfanyabiashara Alfani akapeleka nyumbani unga wenye vumbi la bati. Ngoie aliomba msamaha, akatafuta kijiko kingine.

Halafu ikaja asubuhi moja mambo yakakaa sawa. Ubao ukasema ta. Mkebe ukasema shuu. Kijiko kikasema paa. Kwenye mstari wa wanawake mabeseni yalianza kuyumba vichwani mwao, na viuno vikafuata mabeseni. Papa Stavro, ambaye hakusikia lolote, aliweka kiganja ukutani ili ajue injini yake ina nini. Akakaa hivyo muda. Kisha akamtazama Ngoie na kutabasamu.

"Njo weye," akasema, yaani ndiwe. "Njo weye unatembea humu ndani."

Ngoie akasikiliza tena, na damu ikampanda usoni. Kweli. Alikuwa ametafuta mdundo huku na huko, kumbe mikono yake ilikuwa inapanga mwendo wake mwenyewe, ule ule wa kuchekwa. Alitaka kung'oa vitu vyote palepale. Mkono ulishafika kwenye uzi wa kijiko alipogeuka na kuwaona wanawake. Walikuwa wanachechemea wote, mama wazima wenye heshima zao, kulia wanakanyaga, kushoto wanaburuta, wanatua, na hakuna aliyekuwa anacheka. Walikuwa wanafurahi. Ngoie akaushusha mkono.

Wiki ile ile akapita Likoke. Huyu alikuwa mtoto wa mwanajeshi wa kule Base, kiongozi wa orkestra iliyoitwa Moto Kidogo, kijana wa suruali pana na maneno machache. Alikuwa anakwenda gare kupanda treni, akasimama mbele ya mashini, na treni karibu imwache.

"Hii mupigo iko ya nani?"

"Ya minyi," akasema Ngoie, akijigusa kifua.

"Usinidanganye."

Ngoie akasogea kwenye mashini. Alishika kijiko, mdundo ukabomoka. Alikiachia, ukasimama tena. Likoke akatikisa kichwa polepole.

"Mwezi ya kuya nitarudia na bapigaji yangu," akasema. "Tutaifunza, tutaipeleka Lubumbashi, tutaiingiza mu radio. Na mu radio banasemaka jina ya mwenye alitunga. Yako ni nani?"

"Ngoie."

"Ba-Ngoie beko mingi."

"Ngoie wa Mwadi."

Siku hiyo Ngoie alirudi nyumbani katikati ya avenyi, si pembeni kama kawaida yake, na baiskeli zikamkwepa. Kuanzia hapo alitaka kitu kimoja tu duniani: redio iseme jina lake, Kamina yote isikie, na kila aliyejifunika mdomo kwa kitenge ajue kwamba mwendo aliokuwa anaucheka ndio huo huo unaomtikisa kiuno.

Sasa, mnakumbuka mwaka ule wa sabini na tatu ulivyokwisha. Ikatangazwa kwamba maduka, mashamba na mashini za wageni zinarudi mikononi mwa wananchi, na wananchi wenyewe wakachaguliwa, nao wakaitwa acquéreurs, yaani wenye kupewa mali. Papa Stavro aliondoka na sanduku moja na paka wake ndani ya kikapu. Aliweka tena kiganja ukutani kabla ya kwenda. Ngoie alimsindikiza hadi gare, akimbebea paka.

Acquéreur aliyefika ni citoyen Bokungu, maana siku hizo ilikuwa amri kila mtu aitwe citoyen, mwananchi. Alikuwa ajida mstaafu aliyekuja Kamina na jeshi kutoka jimboni kwao Équateur na hakurudi. Si mtu mbaya, hata tukimkasirikia namna gani. Maisha yake yote alipokea amri ya kufanya hili na lile, na sasa mara ya kwanza amri ilikuwa imempa kitu. Basi alikitaka chote, pamoja na makombo yake. Alikuja amevaa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyonyooshwa vizuri, barua yenye muhuri mkononi, na fimbo fupi kwapani, akaanza kugusa kila kitu kwa fimbo ile.

"Hii?"

"Injini, papa," akasema Ngoie.

"Citoyen."

"Injini, citoyen."

"Yangu. Hii?"

"Mizani."

"Yangu. Hii?"

"Ile iko kijiko. Kijiko ya minyi."

"Imefungwa wapi?"

"Kwa mashini."

"Basi iko mashini. Yangu." Bokungu akainua sikio. "Na hii kelele?"

"Haina kelele, citoyen. Iko mupigo. Niliipanga minyi, na mikono yangu."

"Inatokea wapi?"

Ngoie akatazama kijiko. "Mu mashini," akasema.

Bokungu akamtazama kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemwona mwenzake amechelewa treni. Akaigusa hewa kwa fimbo. "Yangu," akasema, na akaenda kuangalia choo.

Mwanzoni Bokungu alisaga unga kama kawaida. Lakini aligundua kwamba watu walikuja hata siku wasizo na mahindi. Walisimama ng'ambo ya avenyi wakiyumba, wakirudi nyumbani na jasho. Akafikiri kijeshi, akafikia uamuzi kwamba mahindi yanaharibu muziki. Kelele ile ya punje, na wanawake wale wa kugombana, na unga ule unaoingia kwenye abakosti, vyote vya nini? Akafunga mlango wa mahindi. Mashini ikawa inasaga hewa. Juu ya mlango akabandika kibao, MDUNDO BOKUNGU, akaweka viti, akaanza kuuza bia, naye akakaa mbele na miwani myeusi akipokea pongezi.

"Nilisumbuka sana nayo," aliwaambia watu. Na kwa kuwa alisema kila siku, baada ya muda hata yeye alikumbuka alivyosumbuka.

Wanawake wakarudi kwenye vinu vya kutwanga. Mikono iliwauma, wakamtukana Bokungu kwa Kiluba, lugha ambayo hakuielewa, na jioni wakaenda kucheza mdundo wake. Usiniulize jinsi mtu anavyoweza kufanya yote mawili. Mama Mwadi ndiye pekee aliyehamisha ndoo yake ya munkoyo, akaenda kuuza sokoni.

Asubuhi moja Ngoie alipita mbele ya mashini. Ta, shuu-paa. Bokungu akainuka kitini.

"Simama hapo. Unafanya nini?"

"Napita."

"Unapita na mupigo yangu."

Ngoie alidhani ni utani, akacheka. Bokungu hakucheka. Alimshika mkono, wakaenda moja kwa moja kwa mzee wa kartiye, na nyuma yao kukajikusanya kundi. Njiani kesi ilikuwa tayari inaendelea, kwa kuwa kila hatua ya Ngoie ilikuwa ushahidi, na Bokungu aliwaonyesha watu kwa kidole.

Mzee wa kartiye alikuwa mtu wa amani, yaani mtu aliyetaka kila mtu aondoke mapema. Alisoma barua ya Bokungu mbele na nyuma. Akaomba Ngoie atembee kidogo chumbani, kutoka dirishani hadi mlangoni. Ngoie akatembea. Karani mmoja akaanza kuyumba, akaambiwa atoke.

Alfani alikuja kutoa ushahidi, ingawa unga wa bati hakuusahau. "Wallahi, mzee," akasema, "huyu kijana ninamujua tangu alikuwa mutoto. Alitembea vile zamani, mbele ya kijiko haiyafungwa. Mashini njo iliiba mwendo wake, haina yeye aliiba."

"Iko na barua ya huo mguu?" akauliza mzee.

Alfani akamtazama Ngoie. Ngoie akatazama mguu wake.

"Barua namna gani?"

"Citoyen Bokungu iko na barua, na barua iko na muhuri. Mguu hauna." Mzee akakunja mikono, akafikiri, na kwa sauti ya mtu anayegawa mkate akatoa hukumu. Mguu ni wa Ngoie, hakuna anayebisha, auendeshe anavyotaka. Sauti inayotoka chini ya mguu inafanana na mali ya citoyen Bokungu, na ni lazima iheshimiwe. Basi Ngoie ang'oe lile bamba la chuma. Kama hataki, apite majanini, mahali mguu hausikiki.

Ilikuwa majira ya mvua na majani ya kandokando ya avenyi yalimfika kiunoni. Kuanzia siku hiyo Kamina ilimwona Ngoie akipita humo kama mtu anayevuka mto, suruali imelowa, kiatu kimejaa matope, bila sauti yoyote. Na juu ya lami, jamani, sikieni hili: juu ya lami watu walikuwa wanachechemea. Katekista alichechemea akienda misani. Mwalimu alichechemea akivuka uwanja wa shule. Mabibi wa maofisa walipokutana walichechemea wakipeana mikono. Waliuita Mwendo Bokungu, na kulikuwa na mabishano makali kuhusu nani anauweza.

"Ng'oa hiyo chuma," Mama Mwadi akamwambia jioni wakila bukari, ugali wao. "Ng'oa, utembee mu avenyi sawa muntu. Iko kipande ya chuma tu, mutoto yangu."

"Nikiing'oa, maneno ya Bokungu itakuwa kweli."

"Na ukibakia mu majani, haina kweli?"

Ngoie akasogeza sahani kando. Akaanza kukwangua matope kiatuni.

Likoke alirudi kama alivyoahidi, ingawa alichelewa miezi kadhaa, na wapigaji wake, na ngoma zao, na mikro yenye waya mrefu. Ngoie alimngoja gare tangu asubuhi, lakini Bokungu alimdaka kwanza akamzungusha mji mzima, na Ngoie akampata jioni. Alimweleza mambo yote kwa haraka na kwa fujo, kijiko, barua, majani, na Likoke alisikiliza huku anasugua shingo.

"Ngoie, minyi nakuaminia," akasema mwishoni. "Lakini ule muzee Bokungu alinionyesha muhuri. Minyi iko muntu ya gitaa, siweze kubishana na muhuri. Mbele ya kupanda treni lazima bote basikilizane jina gani itaenda mu radio. Na mu Kamina muzima, kila muntu mwenye niliuliza, alisema Bokungu."

"Nikibaonyesha na macho yabo?"

"Ukibaonyesha, tutaona."

Siku ya pili yake ilikuwa Jumapili, na Bokungu alikuwa ameandaa dansi ya mchana katika ukumbi wake mpya, yaani ghala ya Papa Stavro iliyokuwa ya magunia, sakafu ya simenti, ukuta mmoja na mashini. Kulikuwa na mashindano ya Mwendo Bokungu. Mshindi angepanda jukwaani pamoja na orkestra. Ngoie akaandikisha jina lake. Alikuwa na hakika, na ni nani asingekuwa na hakika mahali pake? Mtu hawezi kushindwa kutembea mwenyewe.

Kamina yote ilikuwamo, maofisa wa Base na mabibi zao mbele, wafanyakazi wa reli katikati, wafanyabiashara wa Maniema karibu na mlango, na wanawake wa vinu kila mahali. Mashini ilipiga upande wa pili wa ukuta, na mpigangoma wa Likoke akaupanda mdundo wake juu ya ule wa mashini. Bokungu alisimama jukwaani kuonyesha mfano. Sheria aliitunga yeye na aliitangaza kwa mikro: baada ya shuu, mguu wa kushoto unakaa hewani, na hakuna kuushusha mpaka paa isikike. Atakayeshusha kabla ametoka. Kamina haikuwahi kupewa sheria iliyoipenda hivyo.

Msimamizi wa wachezaji alikuwa Zaina, binti wa Alfani, mchezaji hodari na msichana asiyecheka ovyo. Alipita kati ya watu akirekebisha magoti. Alipofika kwa Ngoie akasimama, akamwangalia chini na juu.

"Yaya, unaharakisha shuu," akasema kwa wema, kama anamwambia kaka yake.

"Mwendo iko hivi."

"Hapana. Angalia katekista."

Ngoie akamtazama katekista. Katekista alikuwa anachechemea vizuri sana, macho yamefumbwa. Ngoie akajaribu kumfuata. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu homa ile ya utotoni, alianza kufikiri anavyotembea, na ukishaanza kufikiri jambo hilo umekwisha. Miguu ikamchanganyikia. Alikanyaga kulia wakati wa kushoto. Akajikwaa.

Bokungu akamnyooshea fimbo kutoka jukwaani. "Yule pale anaigiza tu," akasema katika mikro. "Atoke."

Watu wakacheka. Kilikuwa kile kicheko cha zamani, Ngoie alikitambua mara moja, ila sasa kilipitia mikro na kikawa kikubwa zaidi. Alimwona Likoke anainamia gitaa lake kwa aibu. Alimwona mama yake karibu na mlango, amekuja ingawa aliapa hatakuja, anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Ngoie akawapa mgongo wote, akaanza kwenda mlangoni. Hakufikiri tena anavyotembea. Alitaka kufika nje tu.

Sasa ile mashini. Ilikuwa imesaga hewa siku nyingi mno, na jiwe limekula jiwe. Ngoie alipokuwa katikati ya ukumbi ikakohoa, ikatoa mlio wa kukera meno, ikanyamaza. Kijiko kikagonga mara ya mwisho. Mpigangoma akabaki peke yake, mikono hewani, macho yanahangaika, maana mdundo ule hakuwahi kuujua, aliuegemea tu. Wachezaji wakayumba. Kisha mpigangoma akasikia kitu sakafuni.

Ta, shuu-paa.

Akakidaka bila kuuliza kinatoka wapi. Ta, shuu-paa. Gitaa la Likoke likafuata ngoma, na ukumbi mzima ukafuata gitaa, wakapumua, wakaendelea kucheza. Ngoie alikuwa na hasira, akaongeza mwendo. Muziki ukaongeza mwendo. Alipunguza ili ampishe mama mwenye mtoto mgongoni. Muziki ukapungua. Alipiga hatua nyingine mbili kabla hajaelewa, na alipoelewa nywele zikamsimama. Akakanyaga kulia, ta. Akaburuta kushoto, shuu. Akaunyanyua mguu wenye chuma, na hakuushusha.

Ngoma ikangoja. Gitaa likangoja. Kamina yote ikabaki na mguu wa kushoto hewani, kwa sababu paa haikusikika na sheria ni sheria. Maofisa walisimama hivyo, na mabibi zao, na mwalimu, na katekista bado kafumba macho. Zaina aligeuza kichwa akatafuta kilichotokea. Alimwona Ngoie mlangoni, akatazama kiatu kile kilichoning'inia, na taratibu akaweka mkono mdomoni.

Citoyen Bokungu alikuwa juu ya jukwaa, mbele ya macho ya watu wote, na mguu wake juu kuliko wa wote kwa kuwa alikuwa anaonyesha mfano. Alikuwa na tumbo na alikuwa na umri. Jasho lilianza kumtiririka chini ya miwani.

"Tembea," akamwambia Ngoie.

Ngoie hakutembea. Kusimama kwa mguu wa kulia alikuwa anajua, ndiyo kazi aliyoifanya tangu utoto.

"Kijana, nakuamuru. Tembea."

"Mupigo ni ya nani?" akauliza Ngoie. Hakuinua sauti.

"Iko ya mashini."

"Mashini ilikufa, papa."

Hakumwita citoyen, na Bokungu hakumsahihisha. Goti lake lilikuwa linatetemeka. Wachezaji walianza kushikana mabega, mmoja akaguna, mwingine akamwomba Mungu kwa sauti ndogo, wala hakuna aliyeshusha mguu. Walisimama wote katika mguu mmoja, watu wale wale, na sasa walikuwa wanajua unavyochosha. Likoke akaitoa mikro kwenye mti wake kwa mkono mmoja, akaisogeza mdomoni pa Bokungu.

Bokungu aliitazama barua yake iliyojitokeza mfukoni mwa abakosti. Akatazama ule mguu mlangoni. Kisha akasema jambo, lakini lilimezwa na pumzi yake.

"Kwa nguvu," akasema Likoke.

"Ni ya Ngoie."

"Ba-Ngoie beko mingi," akasema Mama Mwadi kutoka mlangoni, kwa sauti kavu, mguu wake nao hewani.

Bokungu alifumba macho. "Ngoie wa Mwadi," akasema, na mikro ikalipeleka jina lile ukutani, ikalirudisha, ikalitoa nje hadi gare.

Ngoie alilisikia vizuri, lote. Hata hivyo aliwaacha wasimame kidogo tena.